Hatumziki Aliyenuna

Habari za kifo cha Bibi Mwantumu zilinikuta bwenini nikifua soksi, na mtu wa kwanza niliyepaswa kumshawishi kwamba nina haki ya kwenda msibani alikuwa mwalimu wa zamu. Nilimkuta ofisini na sweta mbili mwilini, amekumbatia kikombe cha chai kama mtu aliyeokota kifaranga, maana Julai ya Lushoto haina adabu kwa watu wa kuja. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta karatasi ya ruhusa na kuniuliza marehemu ni bibi mzaa baba au mzaa mama.

"Si bibi wa kuzaliwa, mwalimu. Ni mtani wangu."

Akaweka kikombe mezani. "Upendo, hata kwenye msiba?"

"Hasa kwenye msiba, mwalimu. Nisipofika mimi kuna kazi haitafanyika."

Nilijua anachofikiria. Mimi ndiye niliyesimama paredi nikasoma taarifa ya habari ya maharage ya bwalo, nikataja wadudu waliookolewa wakiwa hai na wale ambao familia zao bado zilikuwa zikitafutwa. Mtu mwenye historia kama yangu akisema amefiwa, mwalimu mwenye akili huuliza mara mbili. Lakini huyu kwao ni Unyamwezini, na huko nako wanajua mambo haya. Alitazama dirishani, ukungu ukiwa umeshusha pazia mpaka kwenye nguzo za goli. "Kwetu," akasema, "mtani asipofika, wazee hawanyanyui jeneza." Akasaini. Penye uhusiano na marehemu akaandika mtani, kwa mwandiko mzuri kuliko ule anaotumia kwenye ripoti zangu.

Kwa hiyo nayaandika haya nikiwa kidato cha sita, umri ambao watu wazima wanasema sina kumbukumbu bado, nina matukio tu. Wana haki ya kusema. Lakini kuna mwaka mmoja ambao ukiniondolea, sijui kitakachobaki zaidi ya sare na mdomo. Na kwa msomaji ambaye kwao mambo haya yameshakufa, nieleze kwanza: sisi Wasambaa na Wazigua ni watani. Mzigua anaweza kunichambua mbele ya darasa zima nami nisikasirike, na mimi vilevile kwake. Watu wengi wanadhani utani unaishia hapo, kwenye kuchambuana. La hasha. Mtu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, akaigiza alivyotembea, alivyokula, alivyodanganya. Hukaa mlangoni na kuzuia jeneza lisitoke mpaka waliofiwa wacheke. Ndipo maiti huruhusiwa kwenda. Bibi Mwantumu alikuwa Mzigua, aliolewa kijijini kwetu Mlola akiwa binti mdogo, na hiyo kazi aliifanya kwa Wasambaa wa kijiji kizima.

Mwaka wenyewe ni ule wa kidato cha tatu, mwaka filamu ilipokuja kwetu. Nilikuwa nasoma shule ya kata na kila nikitoka nilipitia jikoni kwake. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha miti na udongo nyuma ya nyumba, mlango ukitazama bonde, na ukungu uliingia humo bila hodi ukachanganyika na moshi mpaka hujui unakohoa kwa sababu ya kipi. Chungu cha makande kilikaa motoni tangu asubuhi. Kulikuwa na kigoda kimoja, cha mwenyewe, na debe la mafuta lililogeuzwa, la mgeni. Mimi nilipenda kusimama mlangoni, bega kwenye mwimo, ili niweze kukimbia nikitupiwa gunzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu hajambo?"

Mume wetu, yaani babu yangu, alikuwa amekufa zamani, lakini Bibi hakuona kama hiyo ni sababu ya kuacha kumuulizia. Nikimwambia hajambo ila anasema huko aliko hakuna Wazigua ndiyo maana pana amani, angecheka mpaka ashike magoti, kisha aseme maneno aliyoyasema kila siku ya Mungu: "Mke mwenzangu, toka mlangoni, unaingiza baridi." Siku ambayo mwanawe mkubwa, Bakari, yupo nyumbani, kicheko kilipungua. Bakari alikuwa na biashara ya mbao na uso uliofanana na biashara yake. "Mama," angesema akipita, "huyo mtoto unamharibu." Naye Bibi angemjibu kwamba mtoto huyu alikuja akiwa ameshaharibika, yeye anamtengeneza tu.

Nyuma ya mlango wa jiko, kwenye msumari, lilining'inia koti la mvua la kijani lililochakaa mpaka likawa na rangi ya chura. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikuwa la Zefa. Kama una mzazi anayependa magitaa umeshamsikia: Zefania, kijana wa Mlola aliyejifunza gitaa kwenye kwaya ya vijana ya Walutheri, akateremka Tanga, akaenda Dar, akafika mpaka Ulaya akipiga roki, ule muziki wenye sauti ya msumeno wa mbao uliogonga msumari. Yeye na Bibi walikuwa rika moja, nyumba zikitazamana, Msambaa na Mzigua, kwa hiyo hapakuwa na siku iliyopita bila kurushiana maneno. Siku anaondoka alimwachia koti. Wakakubaliana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atamfanyia kazi yake, na kazi yenyewe iwe nzito, wabebaji washindwe kushika jeneza kwa kucheka.

Zefa alifia Dar, mwaka mmoja kabla ya mwaka ninaousimulia. Bibi alisikia kwenye redio. Akatoa koti msumarini, akalikung'uta, akaenda kuomba nafasi kwenye lori la kabichi, na pale kwenye lori ndipo kijana mmoja alipomwonyesha kwenye simu kwamba wameshazika. Kulikuwa na mahema, mshereheshaji aliyevaa suti, watu wenye miwani myeusi. Bibi alitazama picha zote, hakuona mtu hata mmoja mwenye meno nje. Akarudi, akalitundika koti. Tangu hapo kila ukungu ukishuka alisema neno lilelile, akikoroga makande: "Amezikwa amenuna. Yuko kule amekunja uso kama mtu aliyelala na njaa. Na mimi ndiye niliyeahidi." Nilimzoea Bibi kama mtu wa masihara kuanzia asubuhi hadi jioni, na nilitafuta masihara kwenye sentensi hiyo nikayakosa.

Ndipo walipokuja watu wa filamu. Mwongozaji alikuwa kijana wa Dar aliyeitwa Fredi, mwenye kofia aliyoivaa hata ndani ya nyumba, na alikuwa na mwigizaji wake, Denis, ambaye ndiye angekuwa Zefa. Denis alikuwa mzuri wa sura na mwenye majonzi ya kuajiriwa. Alizunguka kijijini akiwa amejiinamia, akigusa kuta, akitazama mabonde. Nilimwuliza kama amepoteza kitu. Akaniambia yuko ndani ya mhusika, na kwamba amejikataza kucheka mpaka filamu iishe. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa sawa na kuweka asali mezani na kumwambia siafu aheshimu. Nilimtolea kila nilichokuwa nacho. Nilimwigizia mkuu wetu wa shule akipiga chafya katikati ya wimbo wa taifa, kitu kilichowahi kumlaza chini mwenyekiti wa kijiji. Denis alinitazama kwa huruma, akaenda kugusa ukuta mwingine.

Wakaja jikoni kwa Bibi, wakakalia debe kwa zamu, wakala makande na kuomba ya pili. Mimi nilikuwa mlangoni na nilisikia yote. Fredi alitaka kujua ile sauti ya Zefa, ile ya mkwaruzo ambayo kila mpiga gitaa aliiga, aliitoa wapi. Bibi akaendelea kutafuna, akameza.

"Makalio yangu."

Fredi akadhani hajasikia vizuri.

"Ile spika ya kwaya ilikuwa imepoteza wavu wake," Bibi akasema. "Wameilaza chini, wameitandikia kitambaa. Mimi nimekuja kuwasikiliza, nimechoka, naona kiti. Nikakaa. Ikasema prraa. Mchungaji anashika kichwa, wanakwaya wananitazama kama nimekalia Injili. Zefa akasema, hebu ngojeni. Akapiga gitaa ndani ya ile spika iliyopasuka. Ikatoka sauti ile. Akacheka, jamani, mtoto yule, alicheka mpaka akapaliwa. Miaka yote ile watu wa Ulaya wanapiga makofi, wanampigia makofi mwanamke wa Kizigua aliyekaa vibaya."

"Bibi, hiyo ni dhahabu," Fredi akasema, akiandika kwa kasi. Kisha, kwa adabu, akauliza wampe nini kwa kuwapa muda wake.

"Sitaki kitu. Kwenye msiba niwekeni."

Akawaeleza yale niliyoyaeleza hapo juu. Fredi akafurahi mno. Kesho yake wakampiga picha uani akiwa na koti la Zefa, akitembea kama Zefa, magoti nje kama mbuzi aliyepanda ngazi. "Utakuwemo, Bibi," Fredi akamwambia akimshika mikono yote miwili. Walipoondoka nikamwambia Bibi sasa ameshamaliza kazi yake. Akanitazama kama nimesema viazi vinaota juu ya miti. "Hayo yalikuwa mazoezi, mndee, binti yangu. Msiba uko ndani ya filamu. Kule ndiko kwenye jeneza na waliofiwa. Nikionekana kule, nimefika." Wengine walimcheka, wakasema mzee hajui tofauti ya filamu na kweli. Nadhani alijua. Ila kwake msiba ni msiba, na mtu aliyelazwa mbele ya watu wanaolia ana haki zake, hata kama baadaye ataamka kwenda kula chipsi.

Filamu ilipokamilika, waliamua kuionyesha Lushoto mjini kwanza, kwa heshima ya nyumbani kwao Zefa. Mwalimu Mhando, wa Kiswahili, aliyekuwa akitufundisha uhakiki kwa vitabu vilivyokatika kurasa za katikati, aliona riziki imeshuka. Akakodi basi. Akatuambia kila mmoja ataandika kufaulu na kutofaulu kwa msanii. "Na atakayesinzia," akasema, "atahakiki ndoto zake, na nitazisahihisha." Bibi Mwantumu tukapanda naye. Alikuwa na kikapu, juu yake peasi, chini yake koti. Njia nzima aliwatania wanafunzi, akawaambia Wasambaa wanaogopa jua kama kabichi, nasi tukamjibu kwamba Wazigua walipanda mlima wakifuata harufu ya maji. Lakini tulipokaribia mji akanyamaza, akawa anapapasa kikapu kama mtu anayehakikisha kuku bado yumo.

Ukumbi ulikuwa umefungwa madirisha kwa mablanketi, maana kulikuwa mchana na huku kwetu blanketi ndicho kitu ambacho hakuna nyumba inayokosa. Kwa hiyo tuliingia kwenye giza la mistari na maua, lenye harufu ya vitanda vya watu mbalimbali. Shuka jeupe ukutani. Spika mbili kubwa sakafuni. Wazee walikaa mbele, Bibi akiwa ukingoni mwa benchi la kwanza, Fredi na Denis kwenye viti vya pembeni, sisi nyuma. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na orodha ya milio ya kutoa kwenye sehemu za mapenzi. Nilikuwa na mwenzangu wa kunishika mkono nikipita mpaka.

Sikutoa mlio hata mmoja. Naandika hivi nikijua wenzangu watasoma. Filamu ilianza na ukungu wetu, ule unaopanda kutoka bondeni kama maziwa yanayofura, na ulikuwa mkubwa kuliko ninavyouona kila siku, kana kwamba miaka yote nilikuwa nautazama kupitia tundu la kitasa. Kisha ndani ya ukungu likalia gitaa. Lilianza mbali, upande wa Malindi yetu ya milimani hivi, likaja likipanda, na lilipofika benchi nililokalia lilitetemeka mpaka kwenye meno. Kuna msichana mbele yangu alishika kifua. Mimi nimekulia kwenye milima hii nikiichukulia kama ukuta wa nyuma wa nyumba, kitu cha kutundikia nguo. Siku ile kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mtu anaweza kuitazama akasikia kelele, na kwamba kelele ile ndiyo aliyokwenda nayo Zefa mpaka Ulaya. Na vidole vya Denis. Sijui alifanya mazoezi kwa muda gani, ila vilikuwa na sugu za kweli, na vilikimbia kwenye nyuzi kama vinamkimbia mwenyewe. Kuna sehemu anapiga peke yake kwenye jukwaa la ugenini, mvua inanyesha, watu wachache wamesimama na miavuli, naye amefumba macho, na kamera haiondoki usoni pake mpaka unaona aibu kumtazama. Wazee mbele waliacha kukohoa. Nilimwona Bibi Mwantumu akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kama ningeulizwa wakati ule kutofaulu kwa msanii ni nini, ningempiga aliyeuliza.

Lakini ndivyo uhakiki ulivyo, ukishafundishwa haukuachi ufaidi. Polepole nikaanza kuona. Watu wa Mlola ndani ya filamu walizungumza kama watu wa Kariakoo. Mama yake Zefa alibeba ndoo kichwani bila kata, na ukumbi mzima wanawake walinong'ona wakisubiri ianguke. Sawa, hayo ni madogo. Ikaja sehemu ya spika. Zefa yuko peke yake kwenye chumba chenye mshumaa, analia, radi inapiga, spika inapasuka yenyewe kwa uchungu wake. Nikamtazama Bibi. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeona mtoto wa jirani amevaa shati lake, akaamua amwache nalo. Hakuja kwa ajili ya hilo. Kisha nikagundua kile kilichokuwa kikinikera tangu mwanzo na sikukijua jina. Filamu nzima Zefa hakucheka. Alihuzunika utotoni, akahuzunika Tanga, akapata sifa kwa huzuni, akaoa akiwa na huzuni. Yule mtu niliyesimuliwa jikoni, aliyecheka mpaka akapaliwa, aliyewahi kumfungia mbuzi kengele ya shule, hakuwemo. Kila kitu cha Zefa kilikuwemo isipokuwa Zefa.

Na ukaja msiba. Jeneza jeupe, mahema, suti, miwani myeusi, mvua, gitaa la polepole la kukukamua. Bibi alinyoosha shingo. Nikajikuta nami nimesimama nusu, namtafuta ndani ya shuka lile, naangalia kila kona ya uwanja wa makaburi kama nitaona rangi ya chura. Kamera ikapita kwenye nyuso. Zote zimenuna. Wanaume wakashika jeneza. Wakaanza kuondoka nalo. Hakuwemo. Walikuwa wamemkata.

Nakumbuka nilifikiria jambo la kijinga, kwamba koti litarudi tena msumarini. Bibi aliinama kwenye kikapu, peasi zikabingirika chini ya mabenchi. Aliponyanyuka alikuwa amelivaa. Akatembea mbele, magoti nje, akaingia kwenye mwanga wa projekta, na kivuli chake kikaangukia jeneza lile lote.

"Simameni hapo," akawaambia wabebaji wa kwenye shuka. "Mnakwenda wapi na mtu wangu?"

Wabebaji, kwa kuwa walikuwa picha, waliendelea kutembea, wakampita mgongoni na kifuani. Mtu fulani akasema mtoeni mama huyo. Fredi akainuka. Mwalimu Mhando, ambaye kwao ni Handeni, Uziguani, akamshika Fredi begani na kumkalisha. "Acha, kijana," akasema. "Hiyo si fujo."

Bibi akageuka, akawatazama watu, mmoja mmoja. Kisha akamwona Denis kwenye kiti cha pembeni, uso ukiwa na majonzi yake yaleyale. "Aa, kumbe uko hapa. Nusura niongee na jeneza tupu."

"Bibi, mimi ni mwigizaji tu," Denis akasema.

"Umevaa jina lake, umevaa na watani wake." Akamsogelea. "Ulisema unakwenda Tanga kununua nyuzi za gitaa. Umekaa miaka yote hiyo, ulikuwa unazisuka mwenyewe?" Mzee mmoja akaguna mbele. "Umekwenda Ulaya kwa Wazungu, umewapigia kelele, wakadhani ni muziki. Sisi tulijua ni Msambaa analilia viazi." Hapo vicheko vikaanza kutoka, vya kuibia, kama watoto ibadani. Akaigiza Zefa akila kwa jirani huku akisema ameshiba. Akaigiza Zefa akifunga nyuzi ulimi ukiwa nje, jicho moja limefumba. Akamwigiza akimdanganya mchungaji kwamba gitaa limepotea kumbe amelivalisha gauni la dada yake na kulilaza kitandani. Bibi yule alikuwa na mwili mfupi, mnene, wa kanga mbili, na ninaapa kwamba ndani ya mwanga ule aliingia kijana mrefu, mwembamba, mwenye njaa na kiherehere, ambaye sikuwahi kumwona na nilimtambua. Mabenchi yalikuwa yanapigwa kwa viganja. Wazee waliomfahamu Zefa walilia na kucheka, huwezi kutenganisha. Denis peke yake alikuwa ameuma midomo, machozi yanamtoka, amejishikilia.

"Hatumziki aliyenuna," Bibi akasema, sauti chini. "Huyu haendi mpaka acheke." Akatazama huku na huku kama mtu aliyechoka. Akaona spika. Akajipangusa nyuma, taratibu, akakusanya koti. "Ngoja nikae kidogo. Kiti kile."

Akakaa.

Sijui ni waya uliolegea au ni nini, mimi si fundi. Lile gitaa la polepole la msibani, safi kama maji ya chupa, likakwaruza. Likapasuka. Likatoka kwenye spika likiwa na ile sauti, ile yenyewe, msumeno kwenye msumari, na kwa pumzi chache ukumbi wote ukawa ndani ya kwaya ya vijana ya zamani, mchungaji ameshika kichwa. Nywele za mikono yangu zilisimama chini ya sweta. Na Denis akacheka. Hakikuwa kicheko cha mwigizaji. Kilitoka kama kitu kilichofungiwa zizini mwaka mzima, kikampaliza, akakohoa, akateleza kwenye kiti akawa sakafuni miongoni mwa peasi, anacheka, anajipigapiga kifua. Bibi Mwantumu akamtazama pale chini kwa muda mrefu. Uso wake siwezi kuueleza. Kisha akapiga makofi mara moja, akainuka.

"Haya. Mzikeni."

Akatoka kwenye mwanga, akaketi. Filamu ikaisha yenyewe, hakuna aliyeitazama.

Nje, wakati mablanketi yanashushwa na watu wanagombania lipi la nani, Fredi alikuja akiwa amevua kofia. Ndipo nikaona ana upara unaoanza. "Bibi, unisamehe. Tuliikata sehemu yako. Ilikuwa inaivunja huzuni."

"Ndiyo kazi yake kuivunja, mjukuu wangu," Bibi akamwambia, wala hakuwa na hasira. "Lakini ule ukungu umeutoa vizuri. Na lile gitaa lilivyokuja kwenye ukungu, hata mimi nilikuwa nimelisahau. Umenirudishia. Chukua peasi."

Karatasi yangu ya uhakiki, penye kufaulu, ilijaa kurasa na mwalimu alilalamika kuhusu mwandiko. Penye kutofaulu niliandika: hakucheka. Mwalimu Mhando akachora mstari mwekundu chini ya neno hilo na hakuongeza kitu. Tangu siku ile koti halikurudi msumarini. Bibi alilivaa shambani kila mvua ikinyesha, akidai mwenye koti amemfia mikononi, kwa hiyo ni lake.

Ndilo koti nililovaa juzi. Nilifika Mlola jeneza likiwa limeshatolewa chumbani, wanaume wamesimama uani, shehe akiwa na haraka yake ya halali. Wanawake walinipisha bila kuuliza. Nikalichukua koti chumbani kwake, nikaenda kukaa kwenye mlango wa uani, miguu nimeinyoosha, njia hakuna. Shehe akageuka kutazama mbuzi, kana kwamba hajaniona. Nikafanya kazi yangu. Niliwaambia Wazigua kwamba mtu wao amekuja Mlola kwa wiki moja kunywa maji na leo ndiyo tunafanikiwa kumtoa. Nilimwigiza akikoroga makande, nilimwigiza akimuulizia mume wetu hali, nilikaa kwenye kila kitu kilichoweza kuitwa spika. Walicheka. Wajukuu walicheka, majirani, wabebaji walilazimika kuliweka jeneza chini. Hata shehe alijifuta pua kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Bakari alikuwa mbele, upande wa kichwa, na ule uso wa ubao ulitikisika, ukapasuka katikati.

"Haya, mwanangu," akaniambia akihema. "Wote tumecheka. Tupishe."

"Bado. Kuna mmoja hajacheka."

"Nani tena?"

Nilikuwa nimeigiza muda wote ule uso ukiwa mkavu kama wa Denis, na nilijua nikifungua mdomo kingetoka kitu kingine. "Mimi," nikasema.

Ukungu ulikuwa umeshaingia uani, umefika kwenye magoti ya watu. Bakari, ambaye miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitania hata kuku, akatoka penye jeneza. Akaja mpaka pale nilipokaa. Akabinua mdomo, akashika kiuno, na kwa sauti ya mamake kabisa, ile yenye Kizigua ndani yake, akasema:

"Mke mwenzangu, toka mlangoni, unaingiza baridi."

Nikacheka. Nikatoka mlangoni.